Sauti ya Kati

Mtu akikuambia kwamba kwaya ya kiwanda chetu cha chai huku Roret ilianzishwa na Mwalimu Kipkurui, jua umedanganywa mchana kweupe. Ilianzishwa na mke wake, Janeffer Chepkemoi, na haikuanzia kanisani wala kiwandani. Ilianzia kwenye kituo cha kununulia majani, chini ya mabati, na akina mama waliochoka kungoja lori.

Mvua ya huku haina adabu. Alasiri inashuka bila kubisha hodi, na ikishaanza kupiga mabati hata mtoto akilia mgongoni kwako hutamsikia. Na lori la kiwanda nalo huja likipenda. Sasa umekaa hapo na kikapu kimejaa, majani yanapata joto yanaanza kuwa mekundu, karani amejikunja kwenye koti lake amesinzia, utafanya nini? Wengine walisengenya. Janeffer alianza kuimba. Alianzisha nyimbo za kanisa kwa sauti ile yake nzito, Phyllis jirani yake akaidaka, mwingine akaingia kwa chini, mwingine kwa juu, mpaka mvua yenyewe ikawa haisikiki vizuri. Hapo ndipo sauti za akina mama wa Roret zilikomaa. Hazikukomazwa na piano ya mtu.

Na walikuwa na sheria moja tu, ambayo hakuna aliyeiandika. Mwenye kuanzisha akipotea, akikatika pumzi, akisahau maneno, wengine wanamdaka hapo hapo na wimbo unaendelea. Hakuna mtu anaachwa hewani. Hata yule mama mzee aliyekuwa akianza nyimbo juu kuliko koo lake, walimdaka kila siku na hawakumcheka, angalau si mbele yake.

Kipkurui alikuja baadaye. Alikuwa msimamizi wa mashine za kukaushia majani pale kiwandani, na tangu ujana alijua kusoma noti za do-re-mi kama wewe unavyosoma gazeti. Meneja aliposema kiwanda kiwe na kwaya, akina mama wa kituoni waliitwa, na yeye akawekwa mbele kupunga mikono, na watu wakaanza kumwita Mwalimu. Janeffer hakuona ubaya. Alifurahi, tena sana. Jioni mume anaandika sauti ya alto, ile ya katikati, kwenye karatasi, mke anaijaribu akikoroga ugali, akikosea wanacheka wote wawili. Ukiniuliza mimi, hizo ndizo jioni walizokuwa wameoana kweli.

Halafu, mwaka wa tisini na tano, yakatangazwa mashindano ya kwaya za viwanda vya chai. Wimbo wa lazima ungekuwa mmoja kwa wote, wimbo wa Kizungu wa karne ya kumi na nane, wa mtindo unaoitwa galanti. Galanti! Wanakwaya walitazamana. Ratemo, yule mzee wa boila aliyeimba besi, aliuliza kama hiyo ni dawa ya ng'ombe.

Walimu wa kwaya waliitwa Kericho mjini kufundishwa mtindo huo na mama mmoja kutoka Nairobi aliyeitwa Bi. Elmina, msomi wa muziki, ambaye ndiye pia angekuwa jaji. Kipkurui alirudi kutoka huko kama mtu aliyeokoka mara ya pili. Hakugusa hata chai.

"Mama Kosgei," alimwambia mkewe, kwa maana kifungua mimba wao aliitwa Kipkosgei, "miaka yote hii tumekuwa tukiimba kama watu wanabeba magunia."

"Tumemkosea nani?" Janeffer akauliza.

Akamweleza. Zamani huko Ulaya, alisema, muziki ulikuwa kazi nzito. Sauti nne, sauti tano, kila moja inaingia na neno lake, zinafukuzana, zinapandana, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Kisha watu wakachoka. Wakasema, tupeni wimbo mmoja ambao mtu anaweza kuushika na kwenda nao nyumbani akipiga mluzi. Basi watunzi wakaweka wimbo juu, besi chini inatembea polepole, na katikati wakaacha hewa. Sentensi zikawa fupi fupi, kama wageni wenye heshima wanaoongea sebuleni, mmoja anauliza, mwingine anajibu, na hakuna anayepaza sauti. Na mapambo madogo, noti inaegemea jirani yake kidogo, inapumua, inarudi mahali pake. Hiyo ndiyo galanti. Ni muziki wa kupendeza, usiomchosha mtu.

Janeffer alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Na wale wa sauti za katikati, walienda wapi?"

"Wapi, namna gani?"

"Walikuwa wakiimba. Wazungu wakachoka nao. Sasa walienda wapi?"

Kipkurui alicheka, akamwambia asianze. Lakini mimi naona lilikuwa swali zuri, na mtu angemjibu siku ile pengine haya mengine yasingetokea.

Mazoezi yakaanza katika ukumbi wa kiwanda. Maneno ya wimbo yalikuwa ya msichana anayechunga kondoo kando ya kijito, amevaa utepe wa hariri. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. "Hariri malishoni! Huyo hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe," Phyllis alisema. Kipkurui hakucheka. Alisimama mbele, akakohoa, akatangaza mbele ya watu wote kwamba sehemu ya juu, wimbo wenyewe, itaimbwa na mtu mmoja tu. Na mtu huyo ni Maxine.

Maxine Adoyo alikuwa binti wa watu kutoka upande wa ziwa, mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda, hata mwaka hajamaliza kwenye kwaya. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Sitaki umchukie, kwa sababu hakuomba nafasi hiyo. Alipotajwa aligeuka nyuma kuangalia kama kuna Maxine mwingine. Lakini tangu siku za kituoni, aliyeanzisha nyimbo alikuwa Janeffer. Kila mtu ukumbini alimwangalia. Na yeye akaangalia sakafu, uso umemwaka moto. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Kipkurui alikuwa ametoka naye nyumba moja asubuhi ile, amekunywa uji wake, na hakumwambia hata nusu ya neno.

"Ungeniambia nyumbani," alimwambia walipokuwa wakitembea kurudi.

"Nilijua utakasirika."

"Kwa hiyo ukaona nikasirikie mbele ya watu?"

Kipkurui akaongeza mwendo. Mtu akiwa na makosa huku akijua ana haki, ndiye mgumu kabisa kuongea naye.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kumeza machungu. Janeffer aliwekwa alto, pamoja na Phyllis na akina mama wengine wa kituoni, wakapewa noti chache za kujaza katikati, za chini chini, "aah" hapa na "mmh" pale. Hata hizo zilikuwa nyingi mno kwa Mwalimu. Alikuwa akisimamisha kwaya nzima, anafunga macho kama mtu mwenye maumivu ya jino. "Alto," anasema, "mnasikika." Mnasikika! Ebu fikiria. Mwanamke ameimba kushinda mvua ya Kericho, leo anaambiwa kosa lake ni kusikika. Na jioni nyumbani hakukuwa tena na karatasi wala kucheka. Kipkurui alikaa pembeni akipiga mluzi wimbo wa Maxine, na Janeffer akakoroga ugali wake kimya.

Siku moja akamuuliza, kwa upole kabisa, "Tukishinda itakuwaje?"

"Tutaenda Nairobi, tuimbe mbele ya wakubwa wote wa chai. Lakini si wote wataenda. Mtindo huu hautaki umati. Nitachagua."

"Na tukishindwa?"

Kipkurui akashusha pumzi. "Tukishindwa, haki ya Mungu, nitaachana na hii mambo. Tutarudi kwa nyimbo zetu, uanzishe kama zamani."

Alisema hivyo kwa uchungu, labda bila kufikiri. Lakini Janeffer alilidaka neno hilo, akaenda nalo. Na hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Mimi simtetei. Nasema tu ilivyokuwa. Aliwaita alto wenzake pale kituoni, lori likiwa limechelewa kama desturi yake, akawaambia hivi: siku ya mashindano, pale katikati ya wimbo ambapo Maxine anapanda juu kabisa, nikikunja mikono kifuani, sote tunyamaze. Tusiimbe kitu. Mwalimu anasema tunasikika, basi tusisikike. Tuone huyo msichana na utepe wake watasimama na nini.

Phyllis alikuwa wa kwanza kusema. "Tumwache hewani, Janeffer? Sisi?"

"Si mtoto wa kituoni," Janeffer akajibu.

Lilikuwa neno baya, na alijua ni baya lilipokuwa bado mdomoni. Lakini alikuwa amechomwa wiki nyingi, na wenzake pia walikuwa wamechomwa, na mwishowe wakakubali mmoja mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea.

Siku iliyotangulia mashindano, nani akabisha hodi jikoni kwa Janeffer? Maxine mwenyewe, na mkate na sukari kwenye mfuko.

"Mama, shikamoo. Samahani kukusumbua. Nimekuja unisaidie. Ile mahali napanda juu, naogopa nitakatika. Mwalimu ananiambia nitabasamu tu, lakini kutabasamu si pumzi."

Janeffer alimpa kiti, akampa chai ya maziwa. Alimsikiliza akiimba pale karibu na moto, akamwonyesha namna ya kuchukua pumzi tumboni kabla ya kupanda, si kifuani, kama mtu anayetaka kuinua kikapu kizito. Msichana akajaribu, ikatoka vizuri. Akacheka kwa furaha.

"Na ikikatika hata hivyo?"

"Usiogope," Janeffer akamwambia. "Ukikatika, tuko hapo nyuma. Tutakudaka."

Alimwambia hivyo akimwangalia machoni, na tayari alikuwa ameshapanga. Maxine alipoondoka, ule mkate Janeffer hakuweza kuula. Aliwapa watoto wote.

Ukumbi wa Kericho ulijaa mpaka madirishani. Kwaya za viwanda vingine zilitangulia, na zote ziliimba wimbo ule ule wa kondoo na kijito, kila moja kwa nguvu zake zote, sauti nne nne, tenor wakipiga kelele mishipa imewatoka, alto wakijaza kila shimo. Kulikuwa na kwaya ya upande wa Londiani iliyoimba mpaka vumbi likaanguka darini, na watu wakashangilia. Bi. Elmina alikaa mezani kwake na kalamu, uso kama wa mtu aliyepewa chai iliyopoa.

Kisha wakaitwa watu wa Roret. Kipkurui alikuwa na tai mpya. Maxine akasimama mbele kidogo ya wengine, na nyuma yake alto, na nyuma ya alto tenor na besi. Wakaanza vizuri. Sentensi fupi, swali, jibu, swali, jibu. Janeffer aliimba "aah" zake na "mmh" zake huku akihesabu mistari.

Wakafika pale mahali pa kupanda. Akakunja mikono.

Alto wakanyamaza wote, kama bomba lililofungwa. Na tenor, ambao siku zote walikuwa wakitafuta noti zao kwenye midomo ya alto, wakapotea nusu mstari, wakanyamaza pia. Walibaki watu wa besi tu, kwa sababu Ratemo masikio yake yaliharibiwa na boila zamani, na alikuwa akiimba akiangalia viatu vyake kama kawaida, hana habari dunia imesimama. Na wenzake wa besi hawakumwacha. Besi chini, ikitembea polepole. Na juu, peke yake, Maxine.

Maxine alisikia nyuma yake kumekauka. Aligeuza kichwa kidogo tu, akamwona Janeffer amekunja mikono, mdomo umefungwa. Macho yao yakakutana. Msichana alielewa, nakuambia, alielewa yote. Mkono wa Kipkurui ukasimama hewani. Akamtazama mke wake, na mke wake akamtazama, na moyoni Janeffer akasema, anguka sasa. Anguka turudi nyumbani.

Maxine akavuta pumzi tumboni, kama alivyofundishwa jikoni, akapanda.

Hakukatika. Sauti ilikwenda juu nyembamba na safi, ikaegemea ile noti ya jirani, ikakaa hapo mpaka watu wakaacha kupumua, ikarudi mahali pake. Besi ikajibu chini. Kati yao hapakuwa na kitu, na kila neno lilisikika hadi mlangoni. Na Janeffer, aliyekuwa ameimba wimbo ule kwa wiki nyingi akiuchukia, ndiyo kwanza akausikia. Ulikuwa mzuri. Woi, ulikuwa mzuri! Alisimama pale na mikono yake kifuani, machozi yakamjaa, na hakuweza kujidanganya kwamba kuna kitu kinakosekana.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Bi. Elmina alipoinuka kutoa matokeo hakuzunguka sana. Alisema kwaya zote zimejitahidi, lakini zimeimba wimbo wa galanti kama wimbo wa vita. "Wimbo huu mtunzi aliuandika kwa sauti mbili tu," akasema. "Wimbo wenyewe, na besi. Karatasi tulizowapa zilikuwa na sauti mbili. Kila mwalimu hapa amejiongezea sauti za katikati, kwa sababu anaogopa nafasi iliyo wazi. Ni kwaya moja tu iliyokuwa na ujasiri wa kuziondoa mbele ya macho yetu, pale hasa zilipotakiwa kuondoka. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Roret, mmeelewa."

Watu wa Roret waliruka. Phyllis akaketi kwenye benchi akashika kichwa. Maxine alikumbatiwa na watu asiowajua, na alipopita karibu na Janeffer alimwamkia kwa heshima, akaenda zake. Hakumsema, si siku hiyo wala baadaye. Afadhali angemtukana.

Nje, karibu na lori, Kipkurui akamshika mke wake mkono mbele ya kwaya nzima. Macho yalikuwa yamemlowa. "Ni huyu!" aliwaambia watu. "Mimi nilisimama pale kama kisiki. Ni Mama Kosgei aliyeona." Wakampigia makofi. Kisha akamvuta kando, nyuma ya tairi, akaongea kwa sauti ya chini.

"Sasa nikuambie ukweli. Ile sauti ya alto si ya wimbo. Niliiandika mimi, na ya tenor ikaifuata. Bi. Elmina alinionya kule semina kwamba inaharibu, niiache. Lakini nikasema, nikiitoa, huyu mwanamke ataimba nini? Nikaiweka kwa ajili yako. Kila siku nikiisikia inaniuma, naona inaua wimbo, ndiyo maana nilikuwa nawakemea. Na sikuwa na roho ya kukuambia." Akafuta uso. "Wewe mwenyewe umenitoa kwa hiyo shida. Nairobi tutaenda na Maxine na besi. Hata Bi. Elmina amesema hivyo. Wewe utabaki na watoto, au sivyo? Umeelewa kuliko wote."

Janeffer alimwangalia mtu huyu. Alikumbuka wiki zote zile alizodhani ametupwa, kumbe alikuwa amewekewa nafasi kwa wizi, noti chache za huruma, na yeye ndiye amezifuta kwa mikono yake.

"Baba Kosgei," akasema, "nilinyamaza ili uanguke."

Kipkurui akacheka. "Acha mzaha."

Akairudia kwa Kipsigis, lugha yao ya nyumbani, neno kwa neno, ili asije akasema hakusikia. Nilitaka yule msichana akatike. Nilitaka uaibike mbele ya watu wa Kericho. Nilitaka tushindwe.

Kicheko kikamwisha Kipkurui. Akageuka akatazama lori, watu walivyokuwa wakicheza na kumbeba Ratemo mabegani, Bi. Elmina akiwapungia mkono kutoka kwenye gari lake. Akanyoosha tai yake.

"Hiyo usimwambie mtu mwingine," akasema. "Tumeshinda."

Akaenda kuwahesabu watu wapande. Janeffer akapanda pia, akapata nafasi kando ya Phyllis, lori likaanza kunguruma. Phyllis alingoja mpaka wametoka mjini ndipo akamwinamia sikioni.

"Amekuambia nini kule nyuma?"

"Amenishukuru," Janeffer akajibu.